Laptop Iliyofukizwa Kama Kibuyu

Nilirudi Karagwe na stashahada ya kompyuta niliyojisomesha mwenyewe, mchana nikibeba zege Dar es Salaam na jioni nikiwa darasani. Ndiyo maana sina subira na watu wanaonunua laptop kama wanavyonunua kabati. Muulize mmoja wao diski yake ina ukubwa gani, atakutajia inchi za kioo.

Mzee mmoja mfugaji alinijia ofisini Kayanga kutoka Kituntu, laptop ikiwa ndani ya kiroba. Nilipoifunua, ofisi nzima ikanuka moshi.

"Shikamoo mzee. Iliungulia wapi hii?"

"Marahaba. Haikuungua. Sisimizi waliingia kwenye vitufe, mama watoto akaifukiza."

"Akaifukiza!"

"Kama kibuyu cha maziwa, kwa majani yale yale. Na sisimizi hawakurudi, mwanangu."

"Wangerudi kufanya nini? Hata mimi nataka kutoka."

Hakucheka. Mle ndani, alisema, kulikuwa na sauti ya marehemu mama yake akitaja ng'ombe wa boma lao, kila mmoja na mama yake na bibi yake. Hakuna aliyebaki anayeujua ukoo ule wote. Muuza kava za simu pale chini alikuwa amemwambia mashine imekufa, kila kitu kimepotea, anunue nyingine. Ya kumuuzia alikuwa nayo tayari, bila shaka.

Watu wa aina hiyo hunichefua. Hajui kitu, lakini kusema hajui ni aibu, basi anaiua sauti ya mama wa mwenzake.

Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha chini. Feni ilikuwa imeganda kwa masizi ya kunata.

"Tazama, mzee. Hii ni prosesa, ndiyo inayofanya kazi zote, na kazi huipasha joto. Feni huipoza. Ninyi mmeiziba feni, prosesa ikachemka, mashine ikajizima isiungue."

"Na sauti?"

"Subiri. Hii ni RAM. Hushika kazi ya wakati huo tu. Ukizima, inabaki tupu. Sauti haikai humo. Inakaa kwenye diski, hii hapa, na diski haipotezi kitu kwa sababu umezima. Hata programu kuu ikiharibika, ile inayowaka kwanza na kuamrisha vifaa vyote, diski naweza kuichomoa nikaisoma kwenye mashine nyingine."

"Yule muuza kava hakuyasema haya."

"Angeyatoa wapi?"

Nilisafisha feni kwa spiriti na brashi, nikapaka prosesa dawa mpya ya kupitisha joto, nikawasha. Ikawaka. Nikaifungua sauti.

Mama yake mzee alitaja ng'ombe kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, polepole, akikohoa. Mzee alivua kofia. Kisha akaushika mkono wangu ghafla.

"Simamisha! Hapo ameruka mmoja. Yule mwekundu aliyevunjika pembe. Bila yeye, hawa wote wanaofuata hawana mama."

Nilinakili sauti kwenye flashi kwanza. Kisha nikafungua programu ya kurekodi na kumwonyesha kitundu cha maikrofoni juu ya kioo.

Mlangoni mteja mmoja alisimama na laptop yake kwapani, akitaka kuwekewa miziki. Nikamwambia aende kwa muuza kava.

Mzee aliinama karibu na kitundu, akaanza na yule mwekundu.