Mpangaji na Neno "Mother"
Mpangaji wangu Mchina, mpimaji wa barabara ya Namanga, hajui kutulia. Kila jioni huzunguka uani kwangu hapa Kitengela na daftari lake la Kiingereza, akibofya kalamu, kisha husimama mlangoni, bila kuingia, na kuuliza: "Mwalimu, neno hili linatumikaje?" Kila neno hulitungia sentensi tatu, na asiporidhika vidole vyake huanza kubambua rangi ya mlango wangu. Juzi lilikuwa "mother". Sentensi mbili aliziandika upesi. "Anaweza kuwa mtu ambaye hakunizaa?" akauliza. Nikamjibu kwa ukali kwamba mama ni aliyekuzaa, wengine awaite madam. Mtaani walishaanza kusema kuwa mjane wa Metito amejiwekea mwanamume, na jina la marehemu mume wangu nimelilinda miaka tisa. Sentensi ya tatu akaiacha wazi.

Jumapili alirudi kutoka kazini akanikuta langoni na wanawake wa kanisa. "Mama Naserian, bwana wako huyo!" mmoja akasema, wenzake wakacheka. Watoto wa jirani walikuwa wakiniinamishia vichwa niwaguse, kama Wamaasai wanavyowasalimu wakubwa wao. Mchina akawatazama, akabofya kalamu mara mbili, akavua kofia yake ya kazi, akajipanga nyuma yao. Zamu yake ilipofika, akainama. Kicheko kikakatika. Nikaweka mkono juu ya zile nywele zilizojaa vumbi la barabara.

"Sentensi ya tatu," akasema, akiwa bado ameinama. "Ni sahihi?"

"Ni sahihi, mwanangu," nikajibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Iandike."