Mwanamke Aliyechimba Maji Wasini

Jambo hili halikumpata rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, nikiwa macho, kukipambazuka, na mama yangu akiwa kando yangu. Mama yuko hai. Ukifika Kola, nje kidogo ya mji wa Machakos, muulize naye. Atakusimulia vilevile, ila ataongeza malalamiko kuhusu kaa.

Nianze na sababu ya safari. Shamba letu limepakana na mto wa msimu, ile aina ya mto ambao mvua ikiisha hubaki mchanga mtupu, na maji hukaa chini, watu huyachimba kwa mikono. Mama aliachiwa shamba hilo na mamake, kwa kuwa alizaliwa peke yake. Nyanya amezikwa hapo. Mimi nimepewa jina lake, ndiyo maana mama huniita Mwaitu, yaani mama yangu, mpaka leo.

Kisha yakaja malori ya kuchota mchanga wa kujengea. Yalichota mpaka mto ukabaki udongo na mawe, na kisima chetu kikakauka. Ndugu yangu Mutua, anayeishi Syokimau, akatafuta mnunuzi wa shamba, akampata. Mama hakukubali wala hakukataa. Alianza tu kuacha chakula kwenye sahani.

"Tumpeleke baharini," Mutua akaniambia. "Hajawahi kuiona. Akirudi atakuwa amelainika, aweke sahihi, aje akae na mimi."

Nilielewa mpango wake, lakini nilikubali, maana ni kweli mama hakuwa ameiona bahari. Nyanya naye alikufa nikiwa mtoto mchanga, bila kuiona, na mama anasema kila aliyerudi kutoka Mombasa alikuwa akimuuliza: ni kweli haina ng'ambo?

Tukaenda sote watatu, na siku ya kwanza kisiwani Wasini tulifanya yote ambayo wageni hufanya. Tulipanda boti kwenda kutazama pomboo. Mama, akiwa ndani ya jaketi la kuokolea lililomfika masikioni, aliuliza kama wale wanacheka au ndivyo midomo yao ilivyo. Tulitembea juu ya daraja la mbao linalopita kwenye bustani ya matumbawe, mawe marefu yaliyosimama kama watu wanaosubiri kuitwa. Mchana tukaletewa kaa mzima.

"Hii buibui mkule nyinyi," mama akasema. Akala mwani wa kukaanga, akadai unakaribia kunde.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Maji yalipokupwa, mchanga ulibaki umelowa hadi mbali sana, na mama hakuweza kuutazama bila mikono kumwasha.

"Mchanga iko na maji hivi, na hakuna mtu anachimba?"

Nahodha wetu, Bakari, mtu mzima mwenye kitambi na mzaha mwingi, akamjibu, "Mama yangu, ukichimba hapo utampata binamu wa yule kaa uliyemkataa. Kisiwa chetu hakina kisima cha maji matamu. Sisi twanywa ya mvua, twayakinga kwenye matangi."

"Nyinyi ni wavivu tu," mama akamwambia. Bakari alicheka mpaka akaketi.

Kesho yake alfajiri nikaamka, nikakuta kitanda cha mama kitupu. Je, nilihitaji kuuliza alikokwenda? Nilichukua chupa yangu ya maji, nikateremka ufukweni. Nikamkuta amepiga magoti, anachimba kwa kifuu cha nazi, na shimo lake limejaa maji. Aliyaonja, akatema.

"Chumvi," akasema, kama mtu aliyetukanwa.

Hapo ndipo nilipomwona yule mwanamke. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, nyuma ya ukingo wa jiwe la matumbawe, mkono wake umezama ndani ya shimo mpaka begani. Kiumri alikuwa mdogo kuliko mama. Leso yake ilikuwa imefungwa begani, jinsi wanawake wa kwetu walivyofunga zamani wakienda mtoni. Niamini, sikuogopa. Nilidhani ni mgeni mwingine kutoka Ukambani, naye mikono inamwasha.

"Umechelewa, wajina," akaniambia kwa Kikamba.

Nilikuwa sijamwambia jina langu.

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe unachimba kama mgeni. Nyumbani mnachimba upande gani wa jiwe?"

"Upande wa chini," mama akasema. "Kwenye kisima."

"Mchanga wa chini si umeenda? Sasa mnangoja nini hapo? Panda upande wa juu wa jiwe linalokata mto. Jiwe halipandi lori."

Alichota kwa nzele, ile nusu ya kibuyu tunayotumia kutekea. Maji ya kwanza akayamwaga pembeni. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyofanya. Maji ya kwanza ni ya waliotangulia. Ya pili akampa mama. Mama aliipokea ile nzele, lakini hakunywa. Alikuwa akitazama ufa wake, ulioshonwa kwa nyuzi nyeusi kama kidonda cha hospitali. Akapitisha kidole juu ya mshono.

"Mwaitu," akasema. Hakuwa akiniita mimi.

Yule mwanamke akacheka. "Mwaitu wako si huyo amesimama na chupa? Kunywa kabla bahari haijarudi."

Mama akanywa. Akanipa nami. Maji yalikuwa matamu, baridi, na yenye ile ladha ya udongo wa mto wetu ambayo siwezi kuisahau. Nikaijaza chupa.

"Nimeiona," yule mwanamke akasema, akiitazama bahari. "Kweli haina ng'ambo. Sasa nataka kurudi nikalale. Ukiuza pale, nitalala kwa nani?"

Hakutoweka kama moshi. Alisimama, akachukua nzele yake, akakung'uta mchanga magotini, akaondoka polepole akipita ukingoni mwa maji hadi kwenye mikoko, kama mtu yeyote anayemaliza kazi yake ya asubuhi. Mama hakumfuata. Alikuwa akilia na kutabasamu.

Mutua alipokuja, tulimsimulia, tukamwonyesha shimo la yule mwanamke. Akayaonja maji yake, akakunja uso: chumvi. "Mmeota," akasema. Nikampa Bakari ile chupa bila kumweleza neno. Akanywa funda moja, mzaha wote ukamtoka.

"Haya ni maji ya bara," akasema. "Mumeyatoa wapi?"

Tulirudi Kola. Nzele ya nyanya, yenye ufa uleule ulioshonwa, ilikuwa imetundikwa jikoni kwa mama, juu ya mafiga, na haikuwa imeguswa tangu azikwe. Niliishusha mwenyewe, Mutua akitazama. Nje ilikuwa na masizi ya miaka. Ndani ilikuwa na unyevu, na chini kabisa, mchanga mweupe. Mchanga wetu ni wa kahawia. Mutua aliusugua kwa vidole kwa muda mrefu, akatoka nje. Kesho yake alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Tulichimba upande wa juu wa jiwe linalokata mto, mahali ambapo hakuna aliyewahi kujaribu. Maji yalikuja. Mama aliyamwaga ya kwanza, akanywa ya pili, na jioni akamaliza chakula chote kwenye sahani. Mnunuzi aliambiwa atafute kwingine. Sasa majirani wameungana nasi kujenga ukuta wa mawe juu ya lile jiwe, na kila mvua inapopita, mchanga kidogo unarudi.

Basi nawe ukienda Wasini likizo, watazame pomboo, pita kwenye daraja la matumbawe, mle kaa kwa niaba ya mama yangu. Lakini alfajiri ukimwona mtu anachimba mchangani, naye akakusalimu kwa lugha ya kwenu, usimpite ukijifanya hujasikia. Usinywe kabla hajamwaga ya kwanza. Na akikuuliza umetoka wapi, chunga sana usimtajie hoteli. Mtajie kwenu, na uwe bado hujapauza.