Mabua ya Ndahani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa bado bibi harusi mgeni nyumbani kwa baba yako. Mlima wetu ulikuwa ukifuka moshi kwa siku nyingi, macho yanatuwasha, hata mbuzi wanakohoa. Nilitoka kufagia uwanja, nikamwona jirani yetu Ndahani anashusha mabua kutoka juu ya tembe lake. Unajua mabua ya mtama tunavyoyalaza juu ya paa la udongo. Ndiyo chakula cha ng'ombe mpaka mvua inyeshe, na hakuna mtu anayeyashusha yote katikati ya kiangazi. Yeye na mkewe waliyabeba mpaka penye udongo mtupu, bila kusemezana.

Nikamwita baba yako. Akachungulia kutoka nyuma ya zizi, akaninong'oneza, "Huyu ana jambo. Anataka kuchoma na upande huu wa mlima ng'ombe wake wapate majani mapya. Wewe mtazame tu."

Nikamtazama. Mimi ni mtu wa kushuku tangu kuzaliwa, hilo silifichi, na siku ile nilishuku hata kikohozi cha Ndahani.

Mchana upepo ukageuka. Moto ukashuka mlimani, cheche zikatua juu ya paa letu, na mabua yetu yote yakashika. Majirani walikuja na matawi mabichi kuupiga. Ndahani naye alikuja, akapanda paani kwetu, akaungua mkono. Nyumba ilipona lakini mabua yaliteketea, nami nililia kwa sauti, maana niliona wazi ng'ombe wetu hawatafikia mvua.

Hapo baba yako akapaza sauti, "Huyu alijua! Mbona ya kwake aliyashusha?"

Vijana wakaanza kumzunguka Ndahani, fimbo mkononi. Niliogopa sana. Bibi yako, mama mkwe wangu, akapita katikati yao.

"Ndahani, mabua uliyashusha kwa nini?"

"Mama, alfajiri nilimwona mwanao anapanda mlimani na kijinga cha moto. Nikajua anataka kuniunguza mimi."

Wote wakamgeukia baba yako. "Nilikwenda kurina asali," akasema. "Na moto niliuzima."

"Ulipomwona anashusha mabua, ulimwuliza?" bibi akamwuliza.

Baba yako akajikuna shingo.

"Na wewe Ndahani, ulipomwona na kijinga, ulikuja kutuambia?"

Ndahani akaugeuza mkono wake ulioungua.

"Haya. Wapeni ng'ombe hizo shuku zenu wale."

Sijapata kuona wanaume wazima wakitazama vidole vyao vya miguu namna ile. Kesho yake Ndahani alituletea nusu ya mabua yake. Baba yako aliyapokea, kisha akayapekua moja moja, akitafuta sijui nini. Ng'ombe hawakupekua kitu, walikula tu. Nani aliwasha moto ule, mpaka leo sijui. Baba yako alikwenda kaburini akisema aliuzima wake, nami namwamini, kidogo.

Sasa juzi umenipigia simu kutoka Ihumwa. Unasema moshi umeingia mpaka chumbani kwa watoto, na jirani yako ameanza kufyeka nyasi kavu kando ya uzio wako bila kukusemesha, nawe unamchungulia dirishani. Mwanangu, sikwambii umwamini. Mshuku ukitaka, umerithi kwetu. Ila toka hapo dirishani, ukabishe hodi kwake leo, moto ungali mbali. Mwulize usoni anafyeka kwa nini, na umwambie na wewe umeona nini. Akikudanganya, utakuwa umejua unaishi na nani. Akikwambia kweli, chukua panga mkafyeke wote.

Mungu awalinde wajukuu zangu na vifua vyao. Na moto ukija, uwakute wewe na jirani yako mmesimama upande mmoja wa uzio.