Njia Iliyoshindiliwa na Kwaya

Majirani zangu hapa Mwanza wanajenga, na juzi asubuhi lori lilimwaga kokoto mbele ya geti lao. Wengine mtaani walifunga madirisha kwa sababu ya kelele na vumbi. Mimi niliacha chai yangu mezani nikaenda kusimama mlangoni. Ule mshindo wa mawe yanayoporomoka kwa pamoja, na ile harufu ya jiwe lililotoka kupasuliwa, huwa vinanirudisha moja kwa moja Nyabiyonza, kwenye mteremko wa nyumbani kwetu, mwaka ambao mama yangu aliamua kwamba nasi tutakuwa na barabara.

Nyumba yetu ilikaa bondeni kidogo, chini ya barabara ya kijiji, katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kama ilivyo kwa kila mtu kule kwetu. Kutoka barabarani ulishuka kwa kinjia chembamba kati ya migomba. Wakati wa kiangazi kilikuwa kinjia kizuri, chenye kivuli na majani makavu yaliyolia chini ya nyayo. Mvua ikinyesha, kiligeuka utelezi mtupu. Udongo wetu ni mwekundu, na ukilowa hushika kiatu ukakataa kukirudisha. Wageni walifika mlangoni wakiwa na viatu mkononi, mama akawapa maji ya kunawa miguu, na hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyoishi.

Kisha baba akaumia. Alikuwa dereva wa lori la kahawa, akizunguka vijiji vya Karagwe na Kyerwa kukusanya magunia. Siku moja lori lilimshinda kwenye kona yenye utelezi, likalala ubavu. Alilazwa Nyakahanga muda mrefu sana, hata mdogo wangu Deusi akazoea kuwaambia watu kwamba baba amehamia hospitali. Aliporudi, alirudi juu ya kiti cha magurudumu. Miguu yake haikumsikia tena.

Alifika siku ya mvua. Kiti kilizama hata kabla hakijaingia vizuri kwenye kinjia. Wanaume wa jirani, wakiongozwa na rafiki yake mkubwa, Ta Byabato, wakakinyanyua pamoja naye, wakakiweka mabegani, wakashuka wakiimba kama watu wanaomleta mfalme. "Ta" ndiyo heshima yetu kwa mwanaume mtu mzima, kama "Ma" kwa mwanamke. Sisi watoto tulishangilia tukikimbia mbele. Baba naye alicheka, akawa anaipungia mkono migomba kushoto na kulia. Nilijiona mtoto mwenye baba mkubwa kuliko wote kijijini.

Tangu siku hiyo hakutoka nje ya nyumba.

Kanisani baba alikuwa akiimba besi, besi nzito ambayo ukikaa karibu naye uliisikia ikipita kwenye mbao za benchi. Wanakwaya walikuja kumwita. "Matope haya," aliwajibu. "Yakikauka nitakuja." Yakakauka. Akasema sasa kuna mizizi na mashimo, kiti kitapinduka. Baadaye wageni wakija kumsalimu, walikuta amelala. Kila mara walimkuta amelala, hata kama sekunde chache kabla nilikuwa nimemsikia akimsimulia Deusi hadithi ya fisi.

Mama hakubishana naye. Jioni moja, akimenya ndizi, alisema tu, "Basi tutajenga barabara."

"Barabara gani?" baba akauliza.

"Kutoka kule juu mpaka hapa mlangoni. Penye nia pana njia."

"Penye nia pana njia," baba akasema, "na penye matope pana matope."

Mama aliendelea kumenya ndizi, ila niliona anatabasamu.

Tulianza wenyewe, mama, mimi na Deusi. Tulikata migomba michache ili kupanua kinjia, kisha tukaenda kijitoni kuchota changarawe, zile laini za mviringo zinazong'aa zikiwa na maji. Tulizibeba kwa mabeseni kichwani, tukazimwaga juu ya udongo. Ilikuwa njia nzuri mno! Nilipanda na kushuka bila kutumwa na mtu, nikisikiliza nyayo zangu zikitafuna changarawe. Siku mama alipokisukuma kiti kitupu ili kujaribu, magurudumu yalizama kama mkono ndani ya gunia la maharage. Mvua iliyofuata ikamaliza kazi: changarawe nusu zilimezwa na udongo, nusu zikaja kupanga foleni mlangoni.

Baba aliyaona yote kupitia dirisha la chumbani. Akacheka.

"Mmepika uji mkaupambia karanga!" alisema. "Nani aliwaambia barabara inaanzia juu? Inaanzia chini!"

Mama alikuwa nje na jembe. "Sikusikii vizuri."

"Nasema toeni kwanza udongo laini mpaka mfike pagumu!"

"Eti nini?"

Baba alirudia, akapaza sauti, akakohoa. Kesho yake yale yale. Mama, ambaye siku zote alimsikia hata kuku akitaga nyuma ya nyumba, ghafla alikuwa na masikio mazito. Siku ya tatu baba aliniita, akiwa amekasirika kweli. "Nisukume mpaka mlangoni. Mama yako atanipasua mapafu."

Basi akawa anakaa mlangoni. Maisha yake yote alikuwa amezipita barabara mbovu, na mara nyingi alikuwa amesimamishwa kwa saa nyingi akiwasubiri watu wa ujenzi wamalize kipande chao, kwa hiyo alijua kila walichofanya. Chimbeni mpaka pagumu, alisema. Katikati painuke kama mgongo wa ng'ombe, maji yamwagike pande zote mbili. Mtaro huku na mtaro huku. Chini yakae mawe makubwa, juu yake kokoto zenye pembe, maana za mviringo hazishikani, kila moja huishi peke yake. Mwisho kabisa moramu, ile changarawe nyekundu yenye udongo wake ndani, inayoshika ikishindiliwa.

Kazi hiyo ilitushinda watu watatu. Mama akawaita majirani, nao wakaja kila Jumamosi na majembe yao. Aliwapikia ndizi na maharage, akawapa kahawa ya kutafuna, na jioni rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa wanaokunywa. Mawe yalibebwa kichwani kutoka kilimani, na yalimwagwa wapi? Uani, mbele ya mlango. Mama ndiye aliyechagua mahali hapo. Kila aliyetua jiwe alikuwa uso kwa uso na baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo ni kubwa, lipeleke kule kwenye mteremko. Na wewe, hilo ni jiwe au kiazi?"

Hangeweza tena kulala.

Kokoto na moramu zilikuja kwa lori kutoka Kayanga. Dereva wake, Bwana Salumu, alikuwa mtu wa mji, na wazazi wake walitoka Tanga, kwa hiyo Kiswahili chake kilitiririka kuliko chetu sote. Sasa, kwetu, kwa Kinyambo, mtoto akimwita mama yake husema "mawe". Lori lilipoanza kushuka likiunguruma, Deusi, ambaye hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikija uani kwetu, alitimua mbio akilia, "Mawe! Mawe!"

"Nimeyaleta, mwanangu," Bwana Salumu alisema kutoka dirishani. "Punguza pupa."

"Maweee!"

"Hee! Haya yote hayakutoshi?"

Mama akatoka jikoni akiitikia, "Nipo hapa!" na yule bwana akamtazama mama, akamtazama Deusi, akatazama mzigo wake, akabaki mdomo wazi. Aliyecheka kwanza alikuwa baba. Alicheka mpaka akashika magurudumu asianguke, na Ta Byabato akalazimika kukaa chini kwa kicheko. Sikuwa nimekisikia kile kicheko tangu kabla ya ajali.

Moramu ilitandazwa, ikamwagiwa maji. Ikabaki kushindilia. Hapo mama akatangaza kwamba Jumamosi hiyo kwaya itafanyia mazoezi kwenye barabara yetu.

Walikuja wote. Wanaume walishika magogo yaliyopigiliwa mipini wakaanza kutwanga. Wanawake walivua viatu, wakapanga mistari na kuanza kuimba huku wakikanyaga kwa pamoja, hatua mbele, hatua nyuma, udongo mwekundu ukiwarukia vifundoni. Sisi watoto tulirukaruka nyuma yao, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyetukataza kujichafua. Harufu ya moramu iliyolowa, jasho, na maharage yanayochemka jikoni. Ardhi ilitetemeka kidogo, na niliisikia tumboni.

Tatizo lilikuwa besi. Tangu baba aache kuimba, sauti hiyo ilibaki kwa Ta Byabato, na Ta Byabato aliimba kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Walifika kwenye kiitikio, akapotea. Wakarudia, akapotea upande mwingine. Nilimwona baba pale mlangoni akifumba macho kama mtu anayeumwa jino.

"Byabato!" hatimaye alipiga kelele. "Shuka! Unaelea juu juu, shuka chini!"

"Nishuke wapi? Njoo unionyeshe!"

Baba akaimba ule mstari. Kwaya ilikuwa ikipanda mteremko ikikanyaga, na sauti yake haikuwafikia vizuri. Akasogeza kiti. Akavuka kizingiti. Magurudumu yakashuka juu ya moramu, yakatoa mlio mfupi, na hayakuzama. Sidhani kama aliliona hilo. Alikuwa anamfukuza Byabato. Alisukuma magurudumu kwa mikono yake, akisimama kila mwisho wa mstari ili avute pumzi na kuimba, na ile besi ikarudi chini ya sauti zote kama msingi chini ya nyumba.

Mteremko ulipokaza, kiti kilianza kwenda pole pole. Nilikimbia ili nikamsukume. Mama alinishika bega.

"Mwache."

"Atachoka!"

"Achoke."

Akafika juu. Kwaya ilinyamaza, watu wakasimama na magogo yao mkononi. Baba alikaa pale kando ya barabara ya kijiji akihema, akawatazama wapita njia, nao wakamsalimu kama walivyokuwa wakimsalimu siku zote. Kisha akageuza kiti, akaitazama njia yetu yote mpaka mlangoni. Tulisubiri aseme neno.

"Mtaro wa kushoto," alisema, "umepinda."

Tulicheka wote, na yeye pia. Jumapili yake alikuwa kanisani. Masika iliyofuata ilikuwa kali, lakini maji yalikwenda mitaroni, na asubuhi tulikuta mgongo wa ng'ombe uko pale pale. Uko mpaka leo. Kila kiangazi watu wa nyumbani huongeza mabeseni machache ya moramu palipolika, basi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulijenga ile njia kwa sababu ya matope. Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani, tukipukuchua maharage na mama, nikamwuliza kwa nini alisumbua kwaya nzima wakati lori la Bwana Salumu lingepita juu ya ile moramu mara kadhaa tu ikashikana.

"Salumu mwenyewe alitaka kufanya hivyo," mama akasema. "Nilimkatalia."

"Kwa nini?"

"Koku mwanangu, baba yako hakuogopa matope. Aliogopa macho."

Nikawaza siku ile walipomteremsha nyumbani wakiwa wamembeba mabegani, jinsi nilivyoshangilia, na jinsi mtu mzima anavyoweza kucheka na kupunga mkono huku anatamani ardhi immeze. Mtoto hawezi kuliona hilo. Mama aliliona, na hakumwambia mtu. Aliwaleta watu mlangoni kwa baba, mmoja mmoja, kila mmoja na jiwe kichwani, wakamkuta anawatuma, anawakosoa, anawacheka. Njia ilipokwisha, hapakuwa na mtu kijijini ambaye hajamwona kwenye kile kiti, wala aliyekuwa bado na hamu ya kumtazama mara mbili.

"Na Ta Byabato?" nikauliza. "Naye ulimwambia akosee?"

Mama alitupa ganda pembeni, akafikiri.

"Hapana," akasema. "Byabato hajui kuimba. Huo ulikuwa msaada wa Mungu."