Pikapu Iliyopiga Magoti Muyinga

Longino alirudi kutoka Tanzania na pikapu aliyoishusha hadi ikakaribia kulala barabarani, eti ni urembo. Hapa Gitega mimi ndiye fundi wake, na ubishi wake ninaujua. Alipotaka kuvuta trela yenye ng'ombe wa mahari hadi Muyinga, nyuma ya gari ilikwaruza lami. Nikamshauri tuongeze springi. Akakataa, gari lake lisije likainuka kama trekta. Basi nikamfungia mipira ya hewa juu ya ekseli: akivuta mzigo aijaze kwa pampu ya baiskeli, akiutua atoe hewa.

Nikamsindikiza. Huko ukweni, ng'ombe aliposhushwa tu, Longino akafungua hewa ili urembo urudi. Gari likashuka taratibu, likipumua, mbele ya baba mkwe.

"Fundi," mzee akaniuliza, "hata gari yake inajua kupiga magoti?"

"Tuliifundisha adabu, mzee."

Tangu siku hiyo mzee hamkaribishi mkwewe ndani kabla gari halijamsalimu. Kwa hiyo Longino, hata akija mikono mitupu, husimama nje kidogo ya Muyinga akalipampu gari liinuke, lipate pa kushukia, huku akinitukana.