Begi la Kisiwani

Mjomba alinileta Toronto akiwa amemwahidi mama kwamba atanisomesha, kwa sababu nyumbani niliishia darasa la saba. Mwaka ukapita, na zaidi. Kazi yangu ilikuwa kubaki kwenye fleti yao ya Parkdale nikimlea mtoto wao mdogo, yeye na mkewe wakienda kazini. Kila mama alipopiga simu aliuliza, "Shule lini?" na mjomba alijibu kwamba karatasi zangu bado.

Jumapili moja ya mwezi wa tano akatupeleka kutembea kisiwani, mimi na binti yake wa miaka kumi na mmoja. Nilifurahi. Nilipanga kumuuliza habari ya shule tukiwa kwenye feri, maana pale asingeweza kuondoka. Chapati, chupa ya chai na mataulo vilitiwa kwenye begi la shule la binti, nikapewa mimi nibebe.

Kwenye feri kulikuwa na ukungu. Mnara mrefu wa mjini ulionekana nusu tu.

"Mjomba, kuhusu shule," nikaanza.

"Leo tumekuja kutembea. Tazama maji."

Tuliposhuka jua likatoka, kisha manyunyu, kisha jua tena na upepo wa kuumiza masikio. Mjomba alipiga picha wakati wa jua tu.

"Simama hapo, majengo yawe nyuma yako. Cheka basi. Mbona umekaa kama umefiwa?"

Nikataka kuvua begi.

"Liache," akasema. "Linakupendeza."

Binti yake, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, akacheka na kusema nimekuwa mwanafunzi mpya. Mjomba aliitazama ile picha kwa muda, akaituma kwa mama hapo hapo.

Mchana mvua ikatukuta, tukajibanza chini ya paa la vyoo. Simu ikalia. Mjomba akaweka spika, akaishika mwenyewe.

"Mwanangu, picha nimeiona," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Begi zuri. Nimewaonyesha majirani wote. Kaka, Mungu akulipe. Kumbe shule imeshaanza na hamkuniambia?"

Nilimtazama mjomba. Yeye alitazama mvua.

"Tulitaka ujionee mwenyewe, dada," akasema, kisha akanisogezea simu mdomoni.

"Masomo magumu?" mama akaniuliza.

Waliojibanza pale pamoja nasi hawakujua Kiswahili. Ningeweza kusema lolote.

"Si sana, mama," nikasema.

Nilikuwa nawafikiria wale majirani. Tangu siku hiyo mama haulizi tena shule lini. Ananiuliza nimefika wapi.

Jioni binti alikung'uta makombo ya chapati kwenye begi lake, akalitundika likauke. Asubuhi likaenda shule. Mimi nilibaki na mtoto.