Banda la Milango Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine hata kidogo. Nilifika Itungi, karibu na bandari, nimevaa shati la kuazima, najiona fundi wa sinema kabla sijaonyeshwa hata waya mmoja. Gari la sinema lilikuwa limeegeshwa uwanjani, jenereta inanguruma nyuma yake. Fundi Mkuu, mtu wa Tanga mwenye sauti ndogo na hasira kubwa, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umekuja kuwasha projekta?"

"Ndiyo, Fundi."

"Projekta hata mbuzi akifundishwa atawasha. Wewe leo nenda katazame watu wamekaaje, kisha uje uniambie."

Nilinuna, lakini nikaenda. Shuka jeupe la kuonyeshea picha halikuwa limefungwa ukutani kama nilivyotarajia. Lilitundikwa kwenye nguzo mbili katikati ya uwanja. Mbele yake walikaa wanaume. Nyuma yake, ambako picha hupenya kitambaa na kuonekana kinyume, walikaa wanawake, na huko kila mtu wa kwenye sinema alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikarudi kumwambia Fundi Mkuu kwamba akina mama wamekosea upande.

Alicheka hadi akashika tumbo. Mimi mzaliwa wa Kyela nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtu wa Tanga alikwisha kujifunza: kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani atapita vichakani, akisikia sauti yake ndani haingii, na jina lake halitamki. Si chuki hiyo, ni heshima. Wengine siku hizi wameacha, na siwalaumu. Ila wengi hawajaacha, na shuka lile liliwawezesha wote kutazama sinema moja bila mtu kumvunjia mwenzake adabu.

Gari la sinema lilipokufa, nilihamia Bondeni kwenye banda la video, yale mnayoyaita banda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Huko ndiko nilikoanza kutafsiri. Mtafsiri hukaa na maiki, filamu inapita kwa lugha yake ya kigeni, naye anapunguza sauti ya wale na kupandisha yake. Unasema wanachosema, na pale wanapokaa kimya unachomeka maneno yako ili watu wasilale. Mvua ya Kyela ikianza kupiga mabati, unasimamisha filamu na kungoja, kwa sababu hakuna koo linaloweza kushindana nayo.

Baadaye nikahamia Mbugani, nikakaa huko hadi nilipostaafu. Mwenye Banda alikuwa mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Alinisikiliza nilipomweleza habari ya shuka la Itungi. Wiki ile ile akatoboa mlango wa pili na kutundika turubai kutoka ukuta wa nyuma hadi karibu na kioo cha runinga. Wanaume mlango wa kulia, wanawake mlango wa kushoto, picha moja.

Nyuma ya turubai hilo kulikuwa na sauti. Niliposema sentensi yangu, sauti ile iliwatafsiria bibi zetu kwa Kinyakyusa, na mara nyingi kicheko cha upande wa pili kilikuwa kikubwa kuliko cha upande wangu. Niliona wivu, sifichi. Nikamuuliza mke wangu ni nani yule mwanamke mwenye maneno.

"Humjui?" akasema, anapepeta mchele. "Ni Tusekile, mkamwana wako. Mke wa Ambakisye."

Niliona haya, na fahari pia. Tangu siku hiyo nikawa naacha nafasi ndogo baada ya kila sentensi ili Tusekile amalize. Tulifanya kazi pamoja hivyo kwa miaka, mimi na yeye, bila kuonana uso kwa uso na bila kusemeshana neno.

Sasa niwasimulie kosa langu. Mwenye Banda alizeeka, na wanawe walitaka kuligeuza banda kuwa ghala la kakao. Ndipo akaja Afisa Usambazaji kutoka Dar es Salaam, kijana mpole aliyebeba begi mgongoni. Studio moja kubwa ya ng'ambo ilikuwa imetoa katuni mpya ya familia, habari za fisi-maji wanaoishi mtoni, na kampuni yake ilitaka kuijaribu katika miji midogo. Banda likijaa siku tatu, tungeletewa filamu zao zote, na wana wa Mwenye Banda waliahidi kuliacha. Lisipojaa, waingize magunia.

"Masharti ni machache, mzee wangu," Afisa akasema. "Ni filamu ya familia nzima, kwa hiyo tunataka familia ikae pamoja. Hilo turubai litoke. Na tafsiri usome hii iliyoandikwa, usiongeze kitu."

Mwenye Banda alinitazama. Alikuwa ananiachia mimi niseme. Nami nikasema, "Litatoka leo leo."

Niliing'oa misumari kwa mikono yangu. Nikapita na kipaza sauti Mbugani na Bondeni nikitangaza: baba, mama, mkwe, wajukuu, njooni wote. Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Na Tusekile atakaa wapi?" Nikamjibu kwamba dunia imebadilika. Alinipa mgongo, na ningekuwa na akili ningeuogopa mgongo ule. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi mkuu wangu alikuwa ameniambia tangu Itungi.

Alasiri ya kwanza watu walikuja wengi, lakini wanawake waliishia mlangoni. Mwanamke alichungulia, akaona mabenchi yamenyooka ukuta hadi ukuta, akamwona baba mkwe wake kwenye safu ya pili, akarudi alikotoka. Nilipokuwa najaribu maiki, "moja, mbili, moja, mbili," nilimwona mwanamke mmoja pale nje akisikia sauti yangu. Alijifunika kitenge usoni, akamshika mtoto mkono, akageuka haraka. Mtoto nilimtambua. Alikuwa mjukuu wangu Lusajo, mwana wa Tusekile.

Nikaanza kusoma karatasi zao. Filamu yenyewe ilikuwa nzuri, lazima niseme haki. Wale walioichora walihangaika na kila tone la maji, na manyoya ya fisi-maji ungetamani kuyashika. Lakini katikati ya filamu bi harusi anaolewa katika ukoo mwingine, anagombana na baba mkwe wake, anamkimbiza ukingoni, wote wawili wanatumbukia mtoni, na wanaibuka wamekumbatiana. Hapo ng'ambo walitarajia kicheko. Mzee Mwaisumo, aliyekaa mbele kabisa, alisimama akavaa kofia yake.

"Zima, tata," akaniambia kwa upole, akiniita baba kwa Kinyakyusa. "Binti wa watu unamvunjia heshima mbele yetu."

Wakatoka wote, mmoja baada ya mwingine, bila kelele wala matusi. Nilibaki na watoto wanne na Afisa Usambazaji, fisi-maji wanaendelea kukumbatiana.

Afisa alitoa fomu yake, akakaa karibu nami. Nilimwonea huruma, maana macho yake yalikuwa mekundu.

"Mzee, nisaidie. Ni ndefu mno?"

"Hapana."

"Sauti mbaya? Picha? Hawapendi katuni?"

"Wanapenda."

"Basi niandike nini? Hata mijini hawaiendei, kila mahali wana sababu yao, na wakubwa wangu wanauliza mimi."

"Ya mijini siyajui, mwanangu. Ya hapa nayajua. Mmesema ni ya familia nzima, lakini aliyeitengeneza hakuuliza familia inakaaje. Na mimi niliyeulizwa nilidanganya. Andika hivyo."

Aliitazama fomu. Hapakuwa na mahali pa kuandika turubai. Tukaanza kucheka wote wawili, kicheko cha watu waliopigwa.

Akaniuliza kama kuna namna ya kuiokoa ile sehemu ya mtoni. Niliifikiria jioni yote. Mimi nisingeweza, mdomo wa mzee kama mimi ukimsemea bi harusi anayemkumbatia mkwe wake ungezidisha ubaya. Aliyeweza alikuwa mmoja tu, na hangeweza kumsemea bi harusi yule mradi mimi nimo ndani, hata nyuma ya turubai. Nikampelekea mke wangu ujumbe wa kumfikishia Tusekile: maiki ni yake kuanzia kesho, nami sitakuwa ndani, kesho wala siku nyingine. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Wengine hufanyiwa sherehe na kupewa saa ya ukutani. Mimi nilirudisha turubai, nikapigilia misumari, nikatoka kwa mlango wa kulia.

Nitawaambia ukweli, iliniuma. Maiki ile ilikuwa imeshika umbo la kiganja changu. Siku ya pili banda lilijaa nusu, ya tatu likajaa hadi watu wakakalia madumu, lakini nusu na zima si mara tatu, na kampuni haikurudi. Kijana yule huniita kwa simu mara moja moja kunijulia hali. Amehamia kazi nyingine. Banda hata hivyo lipo. Wana wa Mwenye Banda walichungulia siku ile ya tatu, wakawaona mama zao wakifuta machozi ya kicheko, wakapeleka kakao kwingine. Ninyi mnaoingia kazi hii na kompyuta zenu, jifunzeni mashine, sawa, ila kwanza mkatazame watu wamekaaje.

Siku hiyo ya tatu sikuweza kukaa nyumbani. Nilikwenda kukaa kwenye mashine ya kukoboa mpunga iliyo ng'ambo ya barabara, kwa sababu spika ya nje ya banda husikika hadi pale. Kuonana ndiko kunakokatazwa. Kusikia si kosa. Ilipofika sehemu ya mtoni nikashika goti langu. Sauti ya Tusekile ikasema, kwa niaba ya bi harusi, "Ee tata, ni mto huu ulionisukuma! Mimi nimefumba macho, wala sijakuona!" Banda likalipuka kwa kicheko, pande zote mbili za turubai. Nami nikacheka peke yangu katikati ya pumba.

Kisha ikaja ile sehemu bi harusi anapokaa ukingoni akimtazama mzee akiogelea kwenda zake. Sauti ya Tusekile ikapungua.

"Baba," ikasema, "miaka yote ulikuwa unaniachia nafasi. Nilijua. Ndaga fijo, asante sana."

Filamu ile nilikuwa nimeitazama mara nne kabla ya kuionyesha. Pale ukingoni, bi harusi hasemi neno lolote.